Siku Ramani Iliposhushwa Ukutani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Wajukuu wangu wanapenda kusimulia kwamba nikikuta tangazo la serikali limebandikwa juu, mahali ambapo mtu mfupi halifikii, nagombana na ukuta kwanza ndipo namtafuta aliyelibandika. Ni kweli kabisa. Na tabia hiyo naijua ilikoanzia. Ilianzia kwenye chumba cha kusomea, Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa mke mpya mwenye maneno mengi na asiye na wa kumwambia.

Chumba chenyewe hapo zamani kilikuwa ghala la ngozi. Walikipaka chokaa, wakaingiza mabenchi na meza ndefu, wakapanga kabatini vitabu vilivyokuja kwa treni ndani ya masanduku ya mbao, lakini jua likikolea harufu ya ngozi ilirudi. Upande mmoja kulikuwa na rafu ya karatasi za serikali: vijitabu vya kilimo cha pamba, vya kuchimba choo, vya chanjo, matangazo ya bomani, na magazeti yaliyofungwa mafungu kwa kamba. Juu ya mlango waliandika kwamba ni ruhusa kila mtu kuingia. Maneno hayo niliyasoma, nikayarudia. Kila mtu. Kwa hiyo na mimi.

Niliingia mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Nilikuwa natoka sokoni kuuza maziwa mgando, kibuyu kitupu kichwani, nikasimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, maana wote waliokuwamo walikuwa wanaume. Mwenye chumba akanyanyua macho. Siku hizi watu wa kazi yake wanaitwa wakutubi. Sisi tulimwita karani wa vitabu. Alikuwa mtu wa Tanga, kanzu chini ya koti, na mdomo usiojua kuchoka.

"Dada, unaingia au unatoka?" akaniuliza. "Mlango ukikaa wazi, mvua inanisomea magazeti."

Nikaingia. Shule ya misheni nilikuwa nimeisoma mpaka darasa la nne, kisha nikaolewa, na tangu niolewe sikuwa nimeshika kitu chenye maandishi isipokuwa gunia la chumvi. Siku ile nikavuta gazeti, nikaanza kusoma, na jinsi nilivyofurahi nilitamani kupiga vigelegele. Nilisoma bei ya pamba. Nilisoma habari za daraja la mbali ambalo sikuwahi kulisikia. Nilisoma hata tangazo la mtu aliyepotelewa na baiskeli, nikamhurumia kama ndugu. Mvua ikakatika na mimi bado nimo. Kuanzia hapo kila siku ya soko maziwa yangu yalikuwa yanakwisha mapema kwa namna ya ajabu, maana nilikuwa nayauza kwa haraka nikimbilie kule.

Sasa nieleze shida niliyokuwa nayo. Mume wangu, kama vijana wengi wa kwetu, alianza na kazi ya almasi upande wa Songwa, kisha akavutwa na dhahabu ya Geita. Huko Geita akakuta kitu kilichomvutia kuliko dhahabu, nacho ni ardhi. Majani yalimfika kiunoni, maji yalikuwapo, na serikali yenyewe ilikuwa ikiwahimiza watu wa Shinyanga wahamie huko, kwa kuwa kwetu watu na ng'ombe walikuwa wamebanana mpaka malisho yakageuka vumbi. Akafyeka shamba, akajenga nyumba, akatuma salamu kwa kila msafiri: njooni na ng'ombe. Lakini ng'ombe walikuwa wa baba yake. Na mke wa kwetu hakuhama peke yake kama mchuuzi; alihama na mji, yaani kaya nzima, na mji ulihama na ng'ombe. Baba mkwe akisema hapana, mimi nitabaki Shinyanga kutwanga, na mume wangu atabaki Geita kujipikia, na misimu itapita hivyo hivyo.

Na baba mkwe alisema hapana.

Hakuwa mkaidi wa bure, nampa haki yake. Katika ujana wake aliwahi kuswaga kundi la baba yake kwenda magharibi, akapita kwenye msitu wenye mbung'o. Ng'ombe wakaanza kukonda huku wanakula. Manyoya yakawasimama, macho yakawatoka machozi, wakawa wanaanguka mmoja mmoja njiani. Alirudi nyumbani na fimbo tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye hata ukimtajia upande jua linakotua alitema mate. "Magharibi ni kaburi la ng'ombe," alisema, na hapo mjadala ulikwisha.

Mimi sikuweza kumjibu, na si kwamba nilikosa la kujibu. Kwa desturi yetu mkamwana na baba mkwe hawakutazamana usoni, hawakuzungumza ana kwa ana, na jina lake sikulitamka hata nikiwa peke yangu shambani. Nikimsikia anakohoa uani, nilizunguka nyuma ya nyumba. Haya hiyo aliyeweza kuiondoa ni yeye mwenyewe, siku atakayopenda, kwa kumpa mkamwana mnyama awe mali yake; akishampa, midomo imefunguliwa. Wakwe wengi hawakuwa na haraka ya kufanya hivyo, na wangu hakuwa nayo kabisa. Basi maneno yangu yote yalipitia kwa mama mkwe, naye alikuwa anayapunguza ukali njiani. Nikimwambia, "Mwambie anaogopa mambo yaliyokwisha zamani," yeye alikwenda akamwambia, "Mkamwana anakusalimu."

Siku moja, katika ile rafu ya karatasi za serikali, nikakuta kijitabu chembamba kuhusu kuhamia Geita na mifugo. Nikakipeleka mbio kwa karani wa vitabu.

"Haya ni kweli?" nikamwuliza.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi ni mtu, naweza kukudanganya hata bila kutaka. Tukiulize chenyewe."

Ndivyo alivyokuwa. Hakujibu swali kwa kichwa chake hata mara moja. Ukimwuliza kodi inalipwa lini, alikwenda rafuni. Ukimwuliza mtoto anaandikishwa wapi chanjo, alikwenda rafuni, akarudi na karatasi, akakuwekea kidole chake kwenye mstari na kukuacha usome mwenyewe. Ukishamaliza kusoma na kufurahi, alikuuliza swali moja: "Ni ya lini?" Alitaka utafute tarehe chini ya karatasi kabla hujaiamini. "Karatasi isiyo na tarehe ni uvumi uliovaa viatu," alipenda kusema, kisha akacheka peke yake, maana alikuwa anajipenda sana kwa msemo huo.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia, kibuyu kinanigonga mgongoni, nikamweleza mama mkwe: kuna maneno ya serikali kule mjini, yanasema ng'ombe wanaweza kufika Geita wazima.

"Nikimwambia karatasi imesema," akanijibu, "atasema karatasi haijawahi kuchunga."

Na ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Lakini mama mkwe, Mungu amlaze pema, alikuwa na akili za taratibu. Akamwachia mpaka alipokaribia kwenda mnadani, ndipo akamwambia, kama mtu anayewaza jambo jingine, "Si uione kwanza ndipo uikatae? Utakataaje kitu ambacho hukijui sura?" Baba mkwe akakubali kwenda kuiona. Mtu anayekataa ng'ombe mnadani bila kumtazama meno, watu humcheka.

Siku hiyo mimi nilitangulia. Nilijibanza nyuma ya kabati la vitabu, mahali ambapo nitasikika nisionekane. Nilikuwa nimemweleza karani wa vitabu desturi yetu, naye akasema kwao Tanga pia kuna haya, ila haifiki mpaka kabatini. Mara nikasikia fimbo sakafuni. Baba mkwe alikuja na wenzake wawili wa rika lake, wote wametoka mnadani, mmoja wao akiwa bado na mavi ya ng'ombe kwenye viatu vyake vya tairi.

"Mwangaluka," wakasema, ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Hawakusalimia kwa jumla. Walimwendea msomaji mmoja mmoja, wakasimama mbele yake mpaka aitike, wakauliza habari za kwao na za ng'ombe, wakahamia kwa mwingine. Ukutani palikuwa na kibao kilichoandikwa KIMYA, lakini hakikuwahusu kwa kuwa hawakujua kusoma. Walipomaliza mzunguko wakatazamana.

"Nani amefariki?" mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna msiba, mzee wangu," karani akasema. "Wanasoma."

"Wote hawa? Na hakuna anayemsomea mwenzake?"

"Kila mtu anajisomea."

"Gashi," mzee akasema, ndiyo kumbe yetu. "Kila mtu anakula peke yake."

Karani akacheka mpaka akakohoa. Akawapa benchi, akagonga kabati kidogo, na hiyo ilikuwa ishara yangu. Nikafungua kijitabu.

"Karani, waambie wageni," nikasema, maana ilibidi maneno yapitie kwa mtu, "kwamba serikali inasema Geita kuna ardhi na maji."

"Ehee," wazee wakaitika pamoja, kama wanavyoitikia jioni kwenye moto wao.

"Waambie kwamba msitu wenye mbung'o ng'ombe hawaruhusiwi kupita."

"Ehee!"

"Waambie kwamba ipo njia maalumu ya ng'ombe, na njiani kuna kituo wanachochomwa sindano, na kibali kinatolewa bomani."

Kila sentensi waliiitikia, na mwitikio wao ukaninyanyua, sauti ikakua, nikasoma kama mtu anayehutubia baraza. Wasomaji wengine wakaacha magazeti yao. Fundi cherehani mmoja aliyekuja kusoma habari za mpira akasogeza benchi. Tulipofika ukurasa wa mwisho chumba kizima kilikuwa kinaitikia, na karani wa vitabu alikuwa amekaa chini ya kibao chake cha KIMYA akitingisha kichwa kwa raha.

Ndipo baba mkwe akakohoa. "Karani, muulize huyo anayesoma: ni msitu upi? Misitu ni mingi. Mimi nautaka ule wangu."

Nikageuza kurasa mbele na nyuma. Kijitabu hakikuutaja msitu wowote kwa jina. Tumefika hapa, tumeitika hivi, halafu karatasi inyamaze penye swali lenyewe? Karani akadakia. "Ramani!" akasema, akaruka na kuchukua rula.

Ramani ilikuwa imepigiliwa ukutani juu kabisa, kitambaa kikubwa chenye rangi rangi, imeanzia darini. Karani akanyoosha rula, akaanza: hii ndiyo Shinyanga, hili ndilo ziwa, hii ndiyo Geita. Wazee wakatazama ramani, wakatazama dirishani, wakatazama tena ramani.

"Nchi hii imesimama," baba mkwe akasema.

"Juu ndiyo kaskazini, mzee wangu."

"Juu ni mbinguni. Kaskazini ni kule." Akanyoosha fimbo moja kwa moja kwenye dirisha la pili, na wenzake wote wawili wakanyoosha za kwao, fimbo tatu zikaelekea sehemu moja bila kupishana hata kidogo.

Msomaji asiye wa kwetu asicheke. Kwetu mtu hapotewi na pande za dunia hata awe amelala. Ndani ya nyumba, gizani, mke anamwambia mwenzake asogeze chungu kaskazini kidogo. Sasa kumwambia mchungaji kwamba kaskazini iko darini, na kwamba Geita, ambayo iko nyuma ya bega lake, imening'inia pale juu ya kabati, ni sawa na kumwambia mvua inatoka kisimani. Heshima ya ile karatasi yote ikashuka kwa mara moja. "Aliyechora hakuwahi kufika," mzee wa viatu vya tairi akasema kwa huruma. Wakanyanyuka. Wakaanza kuaga, mmoja mmoja, kama walivyosalimia.

Nilikuwa naona maisha yangu yanatoka na wale wazee mlangoni. Kumwita baba mkwe siwezi. Kumshika mkono, ndiyo kabisa. Lakini hakuna desturi inayokataza mtu kusema na ukuta. Nikaugeukia ukuta ule wa chokaa, nikaupandishia sauti yote niliyokuwa nayo.

"Wewe ukuta!" nikasema. "Nani alikupa nchi ya watu uishike wewe? Iachie hiyo ramani ishuke chini, ilazwe, igeuzwe inapopaswa kuelekea, watu waione! Au wewe ndiye unayehamia Geita?"

Kimya kilichofuata kilikuwa cha kweli, si cha kibao. Fundi cherehani akaanza kucheka. Wazee wakasimama mlangoni. Karani wa vitabu alinitazama, akatazama ramani, nikamwona anawaza kwamba ile ni mali ya serikali. Kisha akavua koti, akapanda benchini, akaanza kung'oa misumari.

Wasomaji wakasukuma meza ukutani. Ramani ikashuka na vumbi lake, tukaitandaza sakafuni, na baba mkwe mwenyewe akarudi, akashika ncha moja, akaizungusha taratibu mpaka kaskazini ya karatasi ikaelekea dirisha la pili. Akaiachia. Wale wazee wakaitazama. Kisha wakavua viatu, wote watatu, bila kuambiwa.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," karani akasema, akachuchumaa na kanzu yake. Akatoa karanga mfukoni, akaweka moja. "Hapa ndipo tulipo."

Baba mkwe akakanyaga pembeni mwa ile karanga. Akauliza mstari mweusi ni nini, akaambiwa ni reli. Akauliza huu wa buluu, akaambiwa ni mto. Hapo hakuuliza tena. Akaanza kutembea magharibi kwa vidole vya miguu, hatua ndogo ndogo, midomo inacheza. "Hapa ni Salawe. Hapa tulilaza ng'ombe. Hapa tulivuka, maji yalikuwa ya goti." Nilisahau kujificha, shingo yote ilikuwa nje ya kabati. "Kisha tukapanda hivi, tukaingia hapa." Fimbo ikasimama.

Ilisimama juu ya doa jekundu.

"Rangi hii ni ya nini?" akauliza.

Karani akatambaa mpaka kwenye kona ya ramani palipoandikwa maana ya rangi. Akasoma, akarudia kusoma. "Nyekundu ni mbung'o, mzee wangu."

Baba mkwe hakuondoa fimbo. "Nani aliwaambia? Nilikuwa peke yangu na ng'ombe. Mahali hapa sijawahi kumwonyesha mtu." Akainama, akaligusa lile doa kwa kidole, akakitazama kidole chake. "Gashi ilijulikana," akasema. "Wakati wote ule ilijulikana."

Hairuhusiwi kumtazama baba mkwe usoni, lakini nilimtazama, na nilimwona analia. Mimi pia nilikuwa nalia, ila mimi nililia kwa furaha, na naomba nisamehewe, kwa sababu nilijua kwamba tangu dakika ile ataiamini karatasi. Maumivu yake yalikuwa yameandikwa pale na mtu asiyemjua, na hilo lilimwingia kuliko kijitabu kizima.

"Mbona sikuambiwa?" akauliza.

Karani wa vitabu alikaa chini pale pale sakafuni. "Ilikuwa imekaa ofisini, mzee wangu," akasema. "Karatasi ikikaa ofisini haina miguu."

Wenzake walikuwa wameshaanza kuonyeshana mahali peupe pa kupita kati ya madoa mekundu, na chumba kizima kilikuwa kimeinama juu ya ramani kikibishana, na mimi nikasikia sauti inauliza kutoka nyuma ya kabati: "Ni ya lini?" Ilikuwa sauti yangu.

Karani akajipiga kofi la paji la uso. Akatambaa tena mpaka konani. Ramani ilikuwa ya kabla ya vita. Watu wakaguna wote. Tangu hapo misitu ilikuwa imefyekwa, mingine imeota, mbung'o wamehama na mawindo.

"Basi inadanganya," mzee wa viatu vya tairi akasema.

"Haidanganyi, imezeeka," karani akamjibu, na tayari alikuwa ameshafika rafuni, anashusha mafungu ya magazeti na matangazo. "Hata mimi ukiniuliza bei ya kanga nitakutajia ya ujana wangu. Ndugu zangu, anayejua kusoma na achukue fungu!"

Sijawahi kuona watu wanatafuta kitu kwa furaha namna ile. Kamba zilikatwa kwa meno. Tulikaa sakafuni kuzunguka ramani, karatasi mapajani, mara huyu anapiga kelele "Geita!" kumbe ni habari za shule, mara yule "Geita!" kumbe ni mpira, na fundi cherehani akapoteza muda kwa sababu aliusoma ule mpira mpaka mwisho. Wazee wasiojua kusoma walikuwa wanatupokeza karatasi na kuzipokea, wakimwuliza kila mtu amefika wapi. Na mimi ndiye niliyelipata. Tangazo la mwaka ule ule, ukurasa wa ndani, herufi ndogo: upande wa kusini mwa ghuba ya ziwa msitu umefyekwa, njia ya ng'ombe imefunguliwa kupitia Msalala, maji yapo sehemu hizi na hizi. Na chini yake: sehemu fulani, ikatajwa, imefungwa kwa mifugo yote kwa sababu mbung'o wameingia.

Sehemu hiyo iliyofungwa, kwenye ramani yetu ilikuwa nyeupe. Ndipo pale pale wazee walipokuwa wanaonyeshana pa kupita.

Nililisoma kwa sauti. Hakuna aliyeitikia. Baba mkwe alilichukua gazeti lile, akaliweka juu ya ramani, mahali penyewe. "Mzee hafukuzwi," akasema. "Anakaa na kijana, wanaelekezana." Kisha akajivua begani kamba aliyokuja nayo mnadani, kamba ya kufungia ng'ombe, akailaza juu ya ramani kuanzia kwenye karanga, akaipindisha kufuata njia mpya. "Karani, mwambie asome majina ya maji."

Nikasoma. Kila jina la maji, alifunga fundo mahali pake na kulitamka kwa sauti. Nilikuwa na hamu, nikawa nakwenda mbio. "Mwambie asikimbie," akasema, "mimi nafunga." Tulipomaliza, kamba ilikuwa na njia yote kutoka Shinyanga hadi Geita, naye akaipitisha vidoleni macho amefumba, akitaja majina bila kukosea.

Alifungua macho. Nilijua anafikiri nini kwa sababu nilikuwa nafikiri hilo hilo: kamba itasema palipo na maji, lakini vibao vya njiani, na kibali, na maneno ya kituo cha sindano, vitasomwa na nani? Alisimama na kamba yake, akageuka upande wa karani.

"Karani," akasema, "mwambie huyo aliye nyuma ya kabati kwamba yule mtamba mwekundu, ambaye leo mnadani nilikataa kumuuza, ni wake."

Watu wa kwetu waliokuwamo wote walielewa. Mmoja akapiga makofi, mwingine akasema "Wabeja!", ndiyo asante yetu, kana kwamba amepewa yeye. Karani wa Tanga alikuwa anatugeukia mmoja mmoja. "Mtamba?" akauliza. "Mzee wangu, humu hatupokei mifugo."

Nikatoka nyuma ya kabati. Nilipiga magoti ukingoni mwa ramani, upande wa Geita, yeye yuko upande wa Shinyanga, na kwa mara ya kwanza tangu niingie katika mji wake nikamsalimia mwenyewe. Nilisema "Shikamoo, baba," kwa sauti ambayo haikuwa yangu kwa udogo.

"Marahaba, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu. "Sasa soma tena, tangu mwanzo."

Kibali tulikipata, maana tulikwenda bomani tukijua cha kuomba. Mvua za kwanza zilipokwisha tuliondoka, ng'ombe, mama mkwe, kuku na mitungi, mimi nikitangulia na baba mkwe ubavuni, kamba mkononi mwake na gazeti lile, ambalo karani alininakilia kwa mwandiko wake mzuri, kifuani mwangu. Kila fundo tulilifikia, na kila fundo lilikuwa na maji. Mahali pamoja njia iligawanyika, na kushoto kulikuwa na nyayo mbichi za kundi la watu wengine, njia fupi, majani mazuri. Ng'ombe walitaka kushoto. Baba mkwe akashika kamba, akanitazama. Kulikuwa na kibao kimeinama kwenye majani. Nikakifuta vumbi, nikasoma: mifugo marufuku, mbung'o. Tukapinda kulia. Katika kituo cha sindano baba mkwe alimshikilia kila ng'ombe mwenyewe, na mzee yule aliyekuwa akitema mate akitajiwa magharibi alikuwa anaimba.

Tulifika Geita jua likiwa juu. Mume wangu alisikia kengele za ng'ombe, akatoka mbio shambani na jembe begani, akawatazama ng'ombe, wamenenepa, wote. Kisha akaniona mimi. Niko mbele ya kundi, kichwa wazi, nabishana na baba yake ana kwa ana juu ya mahali pa kujenga zizi. Mkono ukamwendea mdomoni. Akanijia haraka, akaninong'oneza kwa hasira, "Rudi nyuma! Humwoni baba?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na mnajua ningemjibu vipi, lakini baba mkwe aliniwahi.

"Mpishe," akamwambia mwanawe. "Huyu ndiye aliyetusomea njia."

Mume wangu akapisha. Nyuma yake yule mtamba mwekundu alikuwa amekwisha kufika majini, anakunywa.